Meza ya Mama Gazeti

Meza ile ilitengenezwa ndani ya chumba na haikuweza kutoka. Fundi alipandisha mbao za saipresi kwenye ngazi, ubao mmoja mmoja, akazipigilia misumari humo humo, na alipomaliza ndipo akagundua kwamba mlango ni mwembamba kuliko kazi yake. Alianza kuomba radhi. Mama Gazeti akapitisha kiganja juu ya mbao kutafuta vibanzi, akamwambia, "Wacha tu. Mimi pia sitoki."

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyuma, Nyeri mjini. Ukifungua dirisha ulisikia mabati yakipakuliwa, na asubuhi za baridi ulimwona Mama Gazeti ameketi kwenye kona ya meza hiyo, sweta mbili mwilini, akisoma ukurasa kwa sauti kama mtu anayegombana nao.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti ya nani. Sikuuliza, na hakuwa mtu wa kujieleza. Nilimjua karibu miaka yote ya tisini, na sikumsikia hata siku moja akianza maneno kwa "wakati nilikuwa msichana". Mazungumzo yake yalikuwa ya kesho na toleo lijalo. Watu walimwita Mama Gazeti kana kwamba alizaa karatasi, na mimi niliyemwona akizihangaikia sina la kupinga.

Gazeti lenyewe lilitoka kila mwezi, nusu Kiswahili, nusu Gikuyu. Ndani yake ungekuta bei ya viazi Karatina, arusi ya Othaya, ng'ombe aliyepotea njia ya Mukurwe-ini, ushauri wa kutibu kuku, na ukurasa wa kumbukumbu za marehemu ambao watu waliusoma kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Lilikuwa na jina, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Nyeri waliliita "ile ya mama", Kangema waliliita "ile ya Nyeri", na huko Wamagana, ambako ndiko uti wa mgongo wake ulikokuwa, waliliita "yetu". Neno hilo la mwisho ndilo alilolitaka Mama Gazeti kuliko sifa yoyote. Aliniambia mara nyingi, "Mwalimu, gazeti ni kitu watu wanabeba wenyewe. Wakingoja ibebwe na gari, hiyo ni mzigo."

Mimi aliniokota kwa njia yake. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Ruring'u. Siku moja nilinunua gazeti lake, nikaketi hotelini na chai, na kwa ugonjwa wa ualimu nikaanza kulisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nikalisahau mezani. Kesho yake, katikati ya hesabu za darasa la sita, mwanamke mfupi aliyebeba kiondo akasimama mlangoni akiwa ameliinua gazeti lile juu.

"Ni wewe umechora gazeti yangu?"

Darasa zima likangoja kuona mwalimu akichapwa.

"Ni mimi, mama."

"Sasa mbona umeachia page ya tano? Ulichoka?"

Kuanzia hapo nikawa mhariri. Hakuniomba, na sikumbuki kukubali.

Wakati huo kutangaza biashara lilikuwa jambo la watu wa Nairobi. Mwenye duka wa kwetu aliamini kwamba kila mtu anamjua, na asiyemjua hana haja naye. Mama Gazeti hakubishana na imani hiyo, aliizunguka. Kulikuwa na fundi viatu karibu na stendi, mtu wa mikono hodari na shingo ngumu. Alimwendea mara kadhaa kumweleza faida ya tangazo, na kila mara fundi alijibu, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni, "Bado nafikiria, mama." Toleo lililofuata lilitoka na kisanduku kitupu katikati ya ukurasa wa pili, cheupe pe, na chini yake mstari mmoja: Nafasi hii ni ya fundi viatu wa karibu na stendi, ambaye bado anafikiria.

Kufikia mchana mji mzima ulikuwa unacheka. Wanawake waliokwenda sokoni walipita kwake makusudi. "Fundi, umefikiria ukafika wapi?" Makondakta walimpigia kelele kutoka milangoni. Watu kutoka Wamagana ambao hawajawahi kumsikia walikuja kumtazama mtu anayefikiria, na kwa vile walikuwa wamefika, wakamwachia viatu vyao avishone. Kabla ya wiki kwisha alipanda ngazi zetu, nyundo bado i mkononi, akasimama mbele ya meza akihema. Nilidhani anakuja kupigana.

"Haya, mama," akasema. "Nimefikiria."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mama Gazeti hakucheka. Alimvutia kiti, akamuuliza ni viatu gani anapenda zaidi kushona, na akaandika jibu lake neno kwa neno. Kisanduku kitupu kikawa maarufu, lakini hakukitumia ovyo. "Hiyo ni pilipili," alisema. "Ukiweka kila siku ulimi unazoea."

Si kwamba hakukosea. Alikosea kwa ukubwa ule ule aliofanyia mambo mengine. Kuna mwezi familia moja ya Wamagana ilituletea picha ya ndugu wawili waliosimama pamoja, mmoja amefariki, mwingine hai. Tulitakiwa kukata picha, tubandike marehemu kwenye ukurasa wa kumbukumbu. Makasi yakakata sawasawa, ila tukabandika nusu isiyofaa. Mzee aliyekuwa anakamua ng'ombe wake asubuhi hiyo akapelekewa gazeti linalomwombea apumzike kwa amani.

Kwetu kumtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa si jambo la kucheka. Ni kama kumwonyesha kaburi njia ya nyumbani kwake. Vijana wa familia walikuwa tayari kuja kuvunja chumba. Mama Gazeti akawatangulia. Alinunua kondoo dume, akampandisha mwenyewe hadi Wamagana akimvuta kwa kamba, mimi nikimsukuma mnyama kwa nyuma pale alipogoma, na akasimama mbele ya wazee wa ukoo bila kujitetea. Hakumtaja aliyeshika makasi. Alisema tu, "Nimekosea mzee wangu. Nimekuja kumtoa huko nilimpeleka."

Kondoo akapokelewa, yaliyopasa kufanywa yakafanywa. Kisha yule mzee mwenyewe, mrefu, mkavu, na kofia yake ya sufu, akauliza swali lililokuwa likimkera. "Mimi niko sawa. Lakini watu wa Kangema wameshasoma nimekufa. Huko niko na marafiki. Nani atawaambia?"

"Wewe mwenyewe, Guka," akajibu Mama Gazeti, akimwita babu kwa Gikuyu. "Nitakupatia magazeti na nauli. Enda wakuone."

Akaenda. Akasimama sokoni Kangema ameshika gazeti juu ya kichwa, akipaza sauti, "Nunua usome vile nilikufa!" Magazeti yakaisha. Mwezi uliofuata akaja kuchukua mengine, ingawa humo hakukuwa tena na habari ya kifo chake, na sauti ilikuwa ile ile. Watu wakamwita Marehemu, naye akaitika kwa furaha. Hakuna aliyeuza gazeti letu kumshinda.

Sasa niseme juu ya meza, maana bila meza hamtaelewa lolote.

Kurasa zilitoka kwa mpiga chapa zikiwa marundo, kila ukurasa na rundo lake. Tulizipanga juu ya meza kuanzia kona ya dirisha. Watu wakaizunguka kwa mstari, kila mmoja akiokota karatasi moja kutoka kila rundo, na akifika mwisho ameshika gazeti zima. Analigonga kingo kwenye mbao ili likae sawa, anamkabidhi Mama Gazeti aliyesimama na stepla ya mkono mrefu, kisha anarudi mwanzo. Kazi ya kuzunguka, asubuhi hadi jua kuelekea magharibi, na mikono inakauka kwa karatasi mpaka ngozi inapasuka.

Hakuwa na wafanyakazi. Alichofanya ni kwenda kwa wanawake wa Wamagana waliokuwa na ngwatio, ule utaratibu wetu wa kulimiana: leo wote shambani kwako, kesho wote kwangu, mpaka mzunguko umfikie kila mtu. Akawaomba wahesabu meza yake kama shamba.

Walimcheka. Kiongozi wao alikuwa Mama Wambui, mwanamke mpana, mtaratibu wa maneno, ambaye ukimwomba chumvi anafikiria kwanza. Alimshika Mama Gazeti mikono, akaigeuza akaitazama viganja.

"Sisi tukuje kwa karatasi yako. Na wewe utalima?"

"Nitalima."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alidai jembe siku ya kwanza. Nilimwona na macho yangu katika shamba la kahawa, viatu vya mjini amevivua na kuvitundika juu ya tawi, akipalilia polepole, vibaya, na bila kusimama. Wenzake walimaliza mstari na kurudi kumsaidia wake, wakimtania kwamba magugu anayasoma kabla ya kuyang'oa. Naye alijibu kwamba lazima asahihishe. Jioni walikula pamoja, maana katika ngwatio mwenye shamba hulisha waliolima, na kula chakula hicho ndiko kuwa mmoja wao.

Hapo ndipo niliposhangaa akili yake. Wanawake walipomaliza kuzunguka meza, kila mmoja alitia fungu kwenye kiondo chake na kwenda nalo. Likafika kanisani, kwenye kituo cha maziwa, kwa chama, kwa binti aliyeolewa Kangema. Hakuna aliyeambiwa uza. Walikuwa wamelishika kwa mikono yao karatasi kwa karatasi, na mtu hawezi kuficha kitu alichokitengeneza. Mimi nilisoma chuo na sikuwahi kuwazia jambo kama hilo.

Msidhani alikuwa malaika. Alihubiri ushirika mchana kutwa, lakini stepla yake haikuguswa na mtu. Siku moja niliishika tu kuisogeza, akanitazama kama nimemshika mume wake. Alitangaza arusi za wilaya nzima, na yeye akialikwa arusini anaondoka kabla ya keki. Alijaza picha za watu kila ukurasa, na yake haikutoka kamwe. Ukimwelekezea kamera anainua kiondo kufunika uso. Alikuwa hodari wa kusikiliza habari za mtu kwa saa nzima, kisha anakuambia, "Hiyo yote ni mistari tatu." Na mkaidi! Kidole kimoja hakivunji chawa, alipenda kutuambia, huku kidole chake kimoja kikitaka kutuelekeza sisi sote.

Ukaidi huo ndio uliotaka kulizika gazeti.

Biashara zilipokuwa zimezoea kutangaza, zikaanza kulalamika kwamba gazeti linachelewa. Ni kweli, lilichelewa. Msimu wa kuchuma kahawa meza ilingoja, na mwenye duka aliyetangaza sare za shule alitaka litoke kabla shule hazijafunguliwa. Mpiga chapa mmoja wa Nairobi akamwonyesha Mama Gazeti mashine inayopanga, kukunja na kupiga pini yenyewe. Alirudi akiwa na macho ya mtu aliyeona bahari.

Aliwaita wanawake, akawapa chai, akawaambia habari hiyo kama zawadi. "Mumechoka na mimi. Mikono yenu imeisha. Kuanzia sasa gazeti itakuja imeshonwa. Mupumzike."

Mama Wambui alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini.

"Sawa," akasema.

Kwa watu wa kwetu, mwanamke kama yule akisema "sawa" peke yake, kisha akachukua kiondo chake, jua kuna nyumba inayoungua mahali. Mama Gazeti hakulisikia neno. Alikuwa anafikiria mashine. Na kuna jambo jingine ambalo hakulikumbuka, ambalo hata mtoto wa Wamagana angelikumbuka: mzunguko ulikuwa katikati. Walikuwa wameshakuja kwenye meza yake, naye alikuwa bado hajalima mashamba yote ya zamu ile. Alihesabu kwamba meza ikiisha, ngwatio nayo imeisha. Lakini ngwatio haikatizwi njiani. Anayekula zamu yake na kukosa kwenye zamu ya wenzake amewaambia kwamba jasho lake ni tamu kuliko lao.

Gazeti likaja zuri. Nakiri lilikuwa zuri, kingo zake zimekatwa kama mkate wa dukani. Likafika kwa wakati. Na likakaa. Mafungu yalilala madukani yakipata vumbi, kamba zake hazijafunguliwa. Wamagana hakuna kiondo kilichokuja kulichukua. Watu hawakuligomea, hawakulisema vibaya. Walilinyamazia tu, kama unavyomnyamazia mtu aliyehama bila kuaga. Mwezi wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Mama Gazeti aliwaandikia wenye maduka, akabandika matangazo kwenye kuta, akapaza sauti, akalaumu barabara.

Aliyemwambia ukweli ni Marehemu. Alipanda ngazi akarudisha magazeti aliyopewa, akayaweka mezani kwa heshima.

"Guka, hata wewe?"

"Mimi nauza kitu ya watu," akasema mzee. "Hii sijui ni ya nani." Akavua kofia, akaikunja. "Mama, mimi nilikufa, lakini nilikuwa na watu wa kukasirika. Sasa hii gazeti yako ikikufa, nani atakasirika?"

Akashuka. Mama Gazeti alikaa akiitazama meza, mikono mapajani. Ilikuwa tupu kutoka mwisho hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza niliona urefu wake. Niliogopa kweli.

Jumamosi iliyofuata aliniomba nimsindikize. Alikuwa na jembe. Akaenda kwenye lile shamba ambapo mzunguko ulikatikia, akapiga hodi, akaingia mstarini akalima. Hakutoa hotuba. Wiki nyingine akaenda shamba lililofuata katika zamu, na lingine baada yake. Wenye mashamba walimwitikia salamu, wakamwonyesha mahali pa kuanzia, wakaendelea na shughuli zao. Hakuna aliyemletea chakula. Alilima, akaaga, akarudi mjini na njaa yake.

La mwisho katika mzunguko lilikuwa la Mama Wambui. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu na ukungu umeufunika Mlima kabisa. Mama Wambui alimpeleka pembeni ya shamba, penye sangari, yale majani ambayo mizizi yake imefumana chini kama kamba na ukiyakata yanazaana. Kipande ambacho mwenyewe alikuwa amekikwepa kwa misimu.

"Anzia hapo," akasema, akaenda kukamua.

Nilitaka kumsaidia, akanikataza. "Hii ni yangu, Mwalimu." Aling'oa mizizi ile kwa jembe, kisha kwa mikono, akiirundika kando. Alikuwa si kijana. Mchana ukapita. Mama Wambui alipita na ndoo, akapita na majani ya ng'ombe, hakugeuza shingo. Moyo uliniuma, nikamkasirikia, na nikaelewa pia.

Jua lilipokuwa linashuka Mama Wambui akatoka jikoni na sahani mbili za mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, moshi ukipanda. Akaketi juu ya jiwe, akaweka sahani moja juu ya jiwe la pili.

"Kuja ukule," akasema. "Sangari utamaliza siku ingine. Hakuna mtu alishawahi kuimaliza."

Mama Gazeti, niliyemwona hadondoshi chozi kwenye mazishi ya ndugu zake, aliketi na matope hadi viwikoni, akaishika sahani ile, akalia. Mama Wambui alimwacha alie. Kisha akamwongezea nyama.

Hawakuzungumza habari ya gazeti. Hakuna aliyeahidi kitu. Mama Gazeti alimwandikia mpiga chapa kwamba mwezi huo anataka kurasa ambazo hazijapangwa wala kushonwa. Yule bwana alidhani amechanganyikiwa. Kurasa zikaja. Tukazipanga marundo, tukangoja. Aliipangusa meza iliyokuwa imepanguswa, akarudia, na kila mlango wa chini ulipolia alisimama na kuketi.

Halafu tukasikia ngazi. Walikuja wote, wakivua vitambaa vya baridi, wakiongea juu ya bei ya maziwa kana kwamba walikuwa hapa jana. Marehemu nyuma yao. Mama Wambui hakwenda kwenye mstari. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa meza, akaichukua ile stepla ya mkono mrefu, akaipima uzito.

Mama Gazeti aliitazama stepla, akamtazama Mama Wambui. Kisha akazunguka, akasimama mwisho wa mstari, akaokota karatasi ya kwanza. Tangu siku hiyo stepla ilikuwa ya zamu.

Miaka ya mwisho ya muongo ule nilihamishiwa shule moja Kangema. Sikulikosa gazeti, kiondo cha mtu kilinifikishia kila mwezi. Mara moja aliyenifikishia alikuwa Marehemu mwenyewe, na hakupiga kelele zake. Aliniambia kwamba Mama anaumwa. Miguu imevimba, pumzi inakatika kwenye ngazi. Daktari wa hospitali kuu anataka alazwe, na kila mwezi anasema ataenda baada ya toleo hili.

"Wewe anakusikiza," akasema. "Kuja."

Nikaenda siku ya meza. Nilimkuta amekonda, sweta mbili sasa zinamzidi, lakini yuko mstarini. Alikuwa akizunguka kwa kushika ukingo wa meza, akipumzika kila kona, na mstari mzima ulikuwa umejifunza kwenda mwendo wake bila mtu kusema lolote. Nilimwambia yote niliyoyapanga njiani kumwambia. Alinisikiliza vizuri.

"Mwalimu," akasema, "hiyo yote ni mistari tatu. Shika karatasi."

Nikashika, nikaingia nyuma yake. Nilikuwa nimeshindwa na nilijua.

Alikuwa na desturi ya kusoma nakala yake ya kwanza kabla haijapigwa pini, na tangu augue, waliompelekea mpiga chapa kurasa walikuwa wao wa mezani. Alipofika mwisho wa meza akaifungua. Nikamwona anasimama. Mstari wote ukasimama, na wanawake wote kwa pamoja wakaona kitu cha maana sana cha kutazama kwenye karatasi zao. Nikachungulia begani kwake. Ukurasa wa pili, katikati, kisanduku kitupu, cheupe pe. Chini yake mstari mmoja: Nafasi hii ni ya mama mmoja wa ghorofani, anayengojewa hospitali, ambaye bado anafikiria.

"Nani ameandika hii?"

Stepla siku hiyo ilikuwa kwa Mama Wambui. "Ni tangazo tu, mama."

"Tangazo ya nani?"

Mama Wambui alifikiria kwanza, kama kawaida yake. "Ya meza," akasema.

Mama Gazeti alitazama rundo la ukurasa wa pili. Alilijua rundo kuliko sisi wote. Alijua jinsi viondo vitakavyokwenda, na kwamba kufikia Jumatatu hakutakuwa na soko, kanisa wala kituo cha maziwa ambapo hataulizwa amefikiria akafika wapi. Mdomo ulifunguka kutaka kupinga.

"Nafasi yenyewe ni kubwa sana," akasema hatimaye. "Mungeweka hata tangazo ya mbolea hapo."

Akazigonga kingo za nakala yake kwenye mbao, upande huu, upande ule, mpaka zikakaa sawa. Akaiweka mbele ya Mama Wambui.

"Piga pini."

Mama Wambui akapiga.

"Haya," akasema Mama Gazeti. "Nimefikiria."

Marehemu akamletea kiondo. Mama Wambui akamshika mkono mmoja na mwanamke mwingine akamshika wa pili, na wakaanza kushuka naye ngazi polepole, wakipumzika, tukiwasikia hadi chini, hadi mlango. Sisi tuliobaki tukarudi kwenye mstari, maana kazi ilikuwa nyingi. Tulizunguka hadi jioni, na pale alipokuwa akisimama, mbele yangu, tulipaacha wazi.